Sanduku la maktaba: kuunda kompyuta ya kubebeka kwa Raspberry Pi 5, kuanzia betri

Wengi wanaotaka kuunda kompyuta ya kubebeka huanza na ubao, yaani kompyuta nzima iliyo kwenye ubao mmoja mdogo, kama Raspberry Pi 5. Wanasoma sifa zake, wanaagiza wenye nguvu kuliko yote, unafika kwa basi kutoka Dar, wanauwasha mezani kwa chaja ya ukutani na kila kitu kinakwenda sawa. Betri itatafutwa baadaye, sanduku baadaye zaidi. Siku ya kuupeleka Chemba au Bahi, huku Dodoma, ndipo shida zinapojitokeza: unazimika kila video inapoanza, feni imejaa vumbi, waya fulani umechomoka njiani na haujulikani ni upi. Ubao hauna kosa lolote hapo. Kwa mradi wa kubebeka, na hasa huku mikoa ya kati, ubao ndio sehemu rahisi. Kazi iko kwenye umeme, vumbi na barabara.

Kwa hiyo mwongozo huu umepinduliwa. Tunaanza na hesabu ya betri, tunakwenda kwenye nyaya, kisha sanduku, na programu zinakuja mwishoni kwa sababu hizo hata ukikosea unafuta na kuanza upya bila kupoteza shilingi.

Tunachounda ni sanduku moja la plastiki ambalo mtu analibeba mkononi au analifunga nyuma ya pikipiki. Likifika shuleni likawashwa, linatoa Wi-Fi yake lenyewe bila laini ya simu wala intaneti, na ndani yake kuna Wikipedia, masomo ya video na vitabu. Watumiaji wa kwanza ni walimu. Wanafunzi katika shule zetu nyingi hawaruhusiwi simu, lakini walimu wengi wana vishikwambi, vikiwemo vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 kisha vikagawiwa kwao. Mwalimu anaunganisha kishikwambi chake, anachagua somo, na kama kuna projekta au runinga darasa zima linaona.

Je, unahitaji ubao wenye nguvu hivyo?

Raspberry Pi 5 ilitoka mwaka 2023. Ina prosesa ya kori nne za Cortex-A76 zinazokwenda GHz 2.4, USB 3.0 mbili, soketi ya waya wa mtandao, matundu mawili ya HDMI ndogo, na njia ya kasi iitwayo PCIe ya kuunganisha diski ya NVMe, diski ndogo ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka. Tofauti na matoleo yaliyotangulia, ina kitufe cha kuwashia na saa ya ndani. Yote hayo kwenye ubao wa milimita 85 kwa 56. Ilipozinduliwa, ya GB 4 ilikuwa dola 60 na ya GB 8 dola 80. Tangu hapo bei zimepanda, kwa hiyo ulizia bei ya leo kabla ya kupanga bajeti.

Ninavyoona, kama unataka Wikipedia peke yake kwa walimu wachache, usinunue Pi 5. Pi 4 inatosha kabisa, na hata Pi Zero 2 W itafanya kazi hiyo kwa umeme kidogo sana. Pi 5 ina maana pale unapotaka mambo matatu kwa pamoja: walimu wengi wakifungua video kwa wakati mmoja, programu ya masomo inayotunza kumbukumbu za wanafunzi, na mtu mwingine akiitumia Pi hiyo hiyo kama kompyuta ya mezani kuandika mitihani. Hapo ndipo Pi 4 inaanza kuchechemea. Kwa matumizi haya GB 4 zinatosha. GB 8 ni kwa anayejua atakachozifanyia.

Bei ya nguvu hiyo unailipa kwenye umeme. Pi 5 inataka volti 5 na ampia 5, yaani wati 25 na zaidi kidogo. Hailambi zote hizo muda wote, lakini inataka kuhakikishiwa kuwa zipo.

Hesabu ya betri kabla ya kununua chochote

Chukua karatasi. Pi 5 ikiwa imetulia inakula wati 3 hadi 4. Ikigawa video kwa vishikwambi kadhaa inapanda, na ikibanwa sana inavuka wati 10. Ongeza diski na feni. Kwa siku ya shule, wati 8 kwa wastani ni makadirio salama.

Siku ya kazi ya saa 8 kwa wati 8 ni wati-saa 64. Kifaa cha kushusha volti 12 kuwa 5 nacho kinapoteza kiasi kama joto. Kizuri kinakurudishia asilimia 88 hivi, kwa hiyo betri itatoa wati-saa 73. Betri nayo usiikamue hadi tone la mwisho. Ukibakiza asilimia 20, unahitaji betri ya wati-saa 91. Ukigawanya kwa volti 12.8, ambazo ndizo volti za kawaida za betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4, unapata ampia-saa 7 na ushee.

Nunua ya ampia-saa 12. Hiyo ni wati-saa 153. Ukitoa akiba na kinachopotea unabaki na 108, sawa na saa 13 na nusu za kazi. Kuna siku mwalimu atasahau kuizima wakati wa chakula, na kuna siku utafika kijijini ukakuta hakuna pa kuchajia.

Kwa nini isiwe betri ya asidi, zile ndogo za ampia-saa 7 zinazouzwa kila duka la sola? Kwa sababu zile hazipendi kushushwa chini ya nusu. Volti 12 kwa ampia-saa 7 ni wati-saa 84, nusu yake 42, ukitoa kinachopotea unabaki na 37: saa nne na nusu. Kwa kilo mbili na zaidi za uzito. Bei yake inavutia siku ya kwanza tu.

Na pawabanki? Hapa pana mitego miwili. Wa kwanza ni namba iliyoandikwa juu: mAh 20,000 zinahesabiwa kwa volti 3.7 za seli za ndani, kwa hiyo ni wati-saa 74 na si 100. Wa pili ndio mbaya zaidi. Pawabanki nyingi, hata zinazojitangaza kuwa za wati 65, zinatoa nguvu hizo kwa volti 9, 15 au 20. Kwa volti 5 zinaishia ampia 3. Pi 5 ikiona hivyo inawaka, lakini inabana USB zake zote kwa pamoja kwenye miliampia 600, na diski yako ya nje inaanza kukatika bila sababu unayoiona. Tena baadhi ya pawabanki hukata umeme kwa sekunde moja unapochomeka au kuchomoa chaja yake, na Pi inazimika. Kwa Pi 4 pawabanki nzuri inafaa. Kwa Pi 5 achana nayo, labda uwe umehakikisha imeandikwa wazi kuwa inatoa 5V 5A.

Kwa kuchaji, paneli ya wati 50 inatosha. Jua la Dodoma kuanzia Mei hadi Novemba halina utani. Ukihesabu saa 5 za jua kamili na ukitoa asilimia 30 kwa joto, vumbi juu ya paneli na hasara nyingine, unapata wati-saa 175 kwa siku, karibu mara mbili ya unachotumia. Desemba hadi Aprili, msimu wa mvua, usijivunie hesabu hiyo. Kidhibiti chaji, kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri, kiwe na mpangilio wa LiFePO4, kinachoishia kati ya volti 14.4 na 14.6. Usitumie chaja ya betri za magari: baadhi hupandisha volti ili kusafisha betri ya asidi, na lithiamu haihitaji matibabu hayo. Paneli ya kioo isipande pikipiki. Iache kituoni, au tafuta ya kukunja.

Projekta haimo kwenye hesabu hii. Hata ndogo inaweza kula mara kadhaa ya kinacholiwa na sanduku zima. Ikiwa shule haina umeme, tumia vishikwambi.

Nyaya: hapa ndipo miradi mingi inapofia

Mpangilio ni huu: kutoka chanya ya betri, fyuzi, baada ya fyuzi, swichi kuu, baada ya swichi, kishusha volti, kisha Pi. Hasi inakwenda moja kwa moja.

Fyuzi iwe karibu na betri, isizidi sentimita 10, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya wote unaofuata. Fyuzi ya gari ya ampia 5 inatosha: Pi ikivuta wati 27, upande wa volti 12 ni ampia 2 na nusu hivi. Duka lolote la spea za magari lina fyuzi hizo na vishikio vyake. Betri ya LiFePO4 ina uwezo wa kutoa mkondo mkubwa kwa ghafla, na nyaya mbili zikigusana ndani ya sanduku la plastiki bila fyuzi, utakuwa umebeba jiko.

Kishusha volti kiwe kimeandikwa kinahimili kuingiza hadi volti 24 au zaidi, maana betri ikiwa inachaji inafika 14.6, na kiwe kinatoa ampia 5 bila kuungua. Ukipata cha ampia 8, kitafanya kazi bila jasho. Kama kina skrubu ya kurekebishia volti, kiweke kwenye 5.1 kwa maltimita, kifaa cha kupimia volti, kabla hakijaijua Pi. Usivuke 5.25. Ukishamaliza, dondoshea skrubu hiyo tone la rangi ya kucha ili mtikisiko usiizungushe.

Sasa unene wa waya. Watu wanaupuuza, ilhali ndio unaoamua. Waya mwembamba wa USB wa bei ya mtaani mara nyingi una shaba ya milimita mraba 0.2 au pungufu. Waya wa mita moja wa unene huo, kwenda na kurudi, una ukinzani wa karibu omu 0.17. Pi ikivuta ampia 4, zinapotea volti 0.68 njiani: umetoa 5.1, imepokea 4.4. Pi 5 inalalamika umeme mdogo ikishuka karibu na 4.6. Waya wa nusu milimita mraba kwa urefu huo huo ungepoteza 0.28 tu. Sasa fupisha waya uwe sentimita 20 na tatizo linakwisha kabisa. Kwa hiyo kishusha volti kikae jirani na Pi, na urefu wote unaohitajika uwe upande wa volti 12, ambako mkondo ni mdogo.

Namna ya kuingiza umeme kwenye Pi ni mbili. Unaweza kupita kwenye pini namba 2 na 4 za volti 5 na pini 6 ya hasi. Inafanya kazi, ila ukigeuza chanya na hasi ubao umekufa papo hapo. Mimi naona USB-C ni salama zaidi: kishusha volti chenye tundu la USB-C, na waya mfupi uliotengenezwa kwa ampia 5.

Kuna jambo moja Pi 5 inahitaji kuambiwa. Kwa kawaida inaiuliza chaja kama inaweza kutoa ampia 5. Kishusha volti cha kawaida hakijui kujibu, hivyo inajibana. Ukiwa na hakika kuwa ampia zipo, na mfumo umeshausakinisha (tazama sehemu ya Programu), fungua teminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike:

sudo rpi-eeprom-config --edit

Ongeza mistari hii miwili, hifadhi, kisha washa upya:

PSU_MAX_CURRENT=5000
POWER_OFF_ON_HALT=1

Wa kwanza unaondoa kibano cha USB. Wa pili unaifanya Pi ilale kweli inapozimwa; bila huo inaendelea kula zaidi ya wati moja ikiwa imezimwa, na ukiliacha sanduku wiki nzima bila kugusa swichi kuu utakuta betri haina kitu. Usiweke mstari wa kwanza kama kishusha volti chako hakifiki ampia 5. Hapo utakuwa unaidanganya Pi, na itakuumbua mbele ya watu.

Kupima, endesha video mbili tatu kwa pamoja kisha andika:

vcgencmd pmic_read_adc EXT5V_V
vcgencmd get_throttled

Amri ya kwanza inakuonyesha volti zinazofika kwenye ubao wenyewe. Ya pili ijibu 0x0. Ikijibu 0x50000, tangu iwashwe umeme umewahi kushuka hadi ikajipunguzia mwendo. Rudi kwenye waya.

Sanduku, joto na vumbi

Tranka la bati la bweni linavutia: imara, lina kufuli, na kila fundi anajua kulikunja. Usilitumie. Bati linazuia Wi-Fi, na likiwekwa juani linageuka tanuri. Chukua sanduku la plastiki la kuwekea spana, lenye mfuniko wa kufunga kwa klipu na mpini wa maana.

Pi 5 bila feni haifai ndani ya sanduku. Prosesa ikifika nyuzi 80 za Selsiasi inaanza kujipunguzia mwendo, na 85 inajibana zaidi. Oktoba na Novemba mchana wa Dodoma unavuka nyuzi 30, na ndani ya sanduku lililofungwa ongeza nyingine nyingi juu yake. Nunua kipozeo rasmi chenye feni. Kinachomekwa kwenye soketi yake ya pini nne na Pi inakiendesha yenyewe, ikianza polepole kwenye nyuzi 50. Lakini feni hiyo inazungusha hewa ile ile iliyomo sandukuni. Unahitaji feni ya pili ya kuingiza hewa kutoka nje, ya volti 5, milimita 40 hadi 60.

Hapa pana uamuzi ambao ni mdogo kwa macho na mkubwa kwa matokeo: feni ya sanduku isukume hewa iingie, isiivute itoke. Ikivuta, hewa mpya itaingia kwa kila upenyo, kwenye mfuniko, kwenye matundu ya nyaya, na vumbi lake lote. Ikisukuma kupitia chujio moja, hewa ya ndani inakuwa na msukumo kidogo kuliko ya nje, na nyufa zote zinatoa badala ya kuingiza. Chujio lenyewe usiagize mbali. Sponji ya chujio la hewa la pikipiki, ikatwe kwa kipimo na ikae kavu bila oili, inafanya kazi safi na inafuliwa kwa maji ya sabuni. Tundu la kutokea hewa litobolewe upande wa pili, juu kidogo, likitazama chini ili mvua isiingie. Tundu la kuingilia liwe pembeni, kamwe lisiwe chini: sanduku likiwekwa kwenye sakafu ya udongo feni itafagia vumbi lote la chumba.

Kiangazi, fua sponji kila baada ya safari ya vumbi. Yenye vumbi jingi inabana hewa na joto linapanda taratibu bila kukushtua.

Betri nayo ina mpaka wake. LiFePO4 nyingi hazitakiwi kuchajiwa zikiwa juu ya nyuzi 45. Paneli iwe juani, sanduku liwe kivulini, nyaya ndefu ziunganishe viwili hivyo. Kuacha sanduku ndani ya gari lililofungwa kwenye maegesho mchana ni namna ya haraka ya kuua betri.

Kufunga vitu visitikisike

Lami ikiisha, barabara zetu zina mawimbi madogo madogo yanayotikisa kila kitu kwa saa nzima mfululizo. Mtikisiko huo hulegeza skrubu na kuchomoa soketi polepole.

Betri ndiyo nzito, kwa hiyo ikae chini kabisa, imefungwa kwa mkanda unaopita kwenye matundu mawili ya sakafu ya sanduku. Betri ya kilo moja na nusu ikilegea inageuka nyundo. Ubao ukae kwenye kipande cha plywood au plastiki ngumu, umeinuliwa kwa vijiti vya shaba vya skrubu za M2.5, na nati zipakwe gundi kidogo. Kila waya ufungwe kwa zipu tai mahali pawili: karibu na unapoanzia na karibu na unapoishia. Utepe mwembamba wa diski ya NVMe ndio mwepesi kuchomoka kuliko vyote. Hakikisha klipu zake mbili zimebana na usiuache ukining'inia. Mabaki ya sponji ya godoro ni mazuri kuzunguka betri. Kuzunguka ubao hapana, yatazuia hewa.

Diski au memori kadi? Kadi nzuri ya GB 256 inaweza kuanza kazi, lakini umeme ukikatika ghafla wakati inaandika, faili zinaharibika. Kibao cha M.2 cha Pi 5, kinachobeba diski ya NVMe, kinapokea diski fupi, za vipimo vya 2230 na 2242 (upana milimita 22, urefu 30 au 42), na tofauti unaiona siku walimu wanapofungua video kwa pamoja. Diski ya nje ya USB ni rahisi kufunga, ila waya wake ni soketi moja zaidi ya kuchomoka.

Malizia kwa kutoa nje vitu vitatu tu: swichi kuu, tundu la kuchajia, na kitufe cha kuzimia. Pi 5 ina sehemu mbili ndogo kwenye ubao zilizoandikwa J2. Lehemu nyaya mbili hapo, zipeleke kwenye kitufe cha kubonyeza kilichowekwa ukutani mwa sanduku. Mwalimu anabonyeza mara mbili kwa haraka, Pi inajizima kwa utaratibu, kisha anazima swichi kuu. Andika mpangilio huo kwa kalamu nzito juu ya mfuniko: kwanza kitufe mara mbili, subiri taa igeuke nyekundu, ndipo swichi.

Programu

Sehemu hii ifanye mjini, kwenye intaneti ya kasi au kwa bando la usiku. Pakua Raspberry Pi Imager kwenye kompyuta yoyote, chagua Raspberry Pi OS ya biti 64, weka jina, nywila na nchi TZ, kisha andika kwenye diski au kadi. Kama ni NVMe, ingia kwenye raspi-config, programu ya mipangilio ya Pi, na uchague ianze kuwaka kutoka huko.

Maktaba ina nguzo mbili. Ya kwanza ni Kiwix, inayosoma Wikipedia na hazina nyingine zilizofungwa kwenye faili za ZIM. Ya pili ni Kolibri, iliyotengenezwa na Learning Equality kwa ajili ya shule zisizo na intaneti. Ina masomo ya video na mazoezi, mwalimu anaweza kupanga darasa, na menyu zake zipo kwa Kiswahili.

sudo apt install kiwix-tools
sudo mkdir -p /srv/maktaba

Faili za ZIM zipakue kwa wget -c, ili bando likikatika uendelee pale ulipoishia. Wikipedia ya Kiingereza yenye picha inazidi GB 100; ya Kiswahili ni ndogo sana kwa kulinganisha. Chagua kwa kuangalia shule unayokwenda: shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Kwa msingi anza na Wikipedia ya Kiswahili na Kolibri. Kwa sekondari ndipo Kiingereza kinakuwa na thamani ya nafasi inayokula. Vitabu vya kiada vinatoka Taasisi ya Elimu Tanzania, yenye maktaba yake mtandaoni. Omba ruhusa kabla ya kuweka nakala sandukuni. Usijaze diski kwa sababu tu ina nafasi. Mwalimu akifungua orodha ya vitu mia mbili anaifunga.

Kila faili iandikishe kwenye orodha:

sudo kiwix-manage /srv/maktaba/orodha.xml add /srv/maktaba/jina_la_faili.zim

Kisha tengeneza faili /etc/systemd/system/kiwix.service ili Kiwix iwake yenyewe:

[Unit]
After=network.target
[Service]
ExecStart=/usr/bin/kiwix-serve --port=80 --library /srv/maktaba/orodha.xml
Restart=always
[Install]
WantedBy=multi-user.target

sudo systemctl enable --now kiwix

Kolibri inasakinishwa kwa faili yake ya .deb na inakaa kwenye mlango 8080, kwa hiyo hazigombani. Wi-Fi ya sanduku iwe ya mwisho kuwekwa, maana ukiiwasha unapoteza intaneti iliyokuwa inaingia kwa Wi-Fi hiyo hiyo:

sudo nmcli device wifi hotspot ifname wlan0 band bg ssid MAKTABA password nywila-yako
sudo nmcli connection modify Hotspot connection.autoconnect yes

Anwani ya Kiwix sasa ni 10.42.0.1, na ya Kolibri ni 10.42.0.1:8080. Zichapishe pamoja na msimbo wa QR, bandika ndani ya mfuniko. Wi-Fi ya ndani inatosha ofisi ya walimu, vishikwambi kumi hivi. Kwa zaidi ya hapo weka rauta ndogo ya USB, iunganishe kwa waya wa mtandao, na uilishe umeme kutoka kwenye kishusha volti, si kutoka kwenye USB ya Pi.

Wafundishe watumiaji jambo moja kabla ya yote: wazime data. Simu na vishikwambi vikigundua Wi-Fi haina intaneti vinarudi kwenye data kimyakimya, ukurasa haufunguki, na lawama zinakuja kwenye sanduku.

Halafu saa. Pi 5 ina saa ya ndani lakini haina betri yake ukiinunua. Bila betri hiyo na bila intaneti, kila ikiwashwa tarehe inakuwa ya nyuma, na kumbukumbu za mazoezi ya wanafunzi kwenye Kolibri zinachanganyika. Nunua betri ndogo ya saa inayochajika, ichomeke kwenye soketi yake, kisha ongeza kwenye /boot/firmware/config.txt:

dtparam=rtc_bbat_vchg=3000000

Mstari huo ni kwa betri inayochajika tu. Ukiweka ya kawaida ya CR2032, usiuandike.

Majaribio kabla ya kukabidhi

Washa sanduku saa sita mchana, likiwa limefungwa, nje kwenye kivuli. Sakinisha stress-ng, ibane prosesa nusu saa kwa stress-ng --cpu 4 --timeout 30m, huku ukiangalia vcgencmd measure_temp. Ikibaki chini ya 75, joto umelimaliza. Ikivuka 80, tanua tundu la kutokea hewa kabla hujawaza kununua feni kubwa.

Jaribio la pili ni la barabara. Lifunge sanduku kwenye pikipiki, mwombe bodaboda alipitishe njia ya vumbi ya nusu saa, kisha lifungue. Vuta kila soketi kwa kidole, angalia nati, na pangusa ndani kwa kitambaa cheupe kuona vumbi limepitia wapi. Rudia get_throttled. La tatu ni betri: ichaji ijae, endesha video hadi izimike yenyewe, andika saa ulizopata juu ya mfuniko. Namba hiyo ndiyo utakayompa mwalimu mkuu, usimpe ile ya kwenye karatasi.

Likizo ya Desemba, usiliache sanduku na betri iliyojaa wala iliyokwisha. Iache karibu nusu, volti 13.1 hivi ikiwa imetulia, chomoa fyuzi, na uliweke chumba chenye hewa. Januari ichaji siku moja kabla ya shule kufunguliwa, na fua ile sponji.